Mlango wa Chicago, hesabu ya Dodoma: chama kichukue njia ipi kumpata mgombea urais?

Aliyeongoza raundi ya kwanza hakushinda. Chicago, tarehe 18 Mei 1860, chama cha Republican kikitafuta mgombea urais ndani ya ukumbi wa mbao ulioitwa Wigwam, William Seward wa New York alipata kura 173½ na Abraham Lincoln wa Illinois 102. Ilipofika raundi ya tatu, mgombea alikuwa Lincoln. Dodoma, Julai 1995, kwenye mkutano mkuu wa CCM, Jakaya Kikwete alipata kura 534, Benjamin Mkapa 459 na Cleopa Msuya 336. Raundi ya pili ikampa Mkapa 686 na Kikwete 639.

Kati ya mikutano hiyo kuna miaka 135 na bahari nzima, lakini kilichofuata kinafanana kiasi kwamba kila nikikirudia nashangaa upya. Seward akawa waziri wa mambo ya nje wa Lincoln. Kikwete akawa waziri wa mambo ya nje wa Mkapa. Wote wawili walikuwa wameingia ukumbini wakiwa mbele, wote wawili walihesabiwa mbele ya wenzao wakashindwa, na wote wawili walibaki chamani na kufanya kazi.

Haya naandika kwa ajili yako, ndugu mjumbe uliyepewa kazi ya kutunga au kurekebisha kanuni za uteuzi za chama chako. Usiku wa vikao kila mtu anaimba umoja, na kanuni hakuna anayezisoma mpaka siku jina la mtu wake limekatwa. Nimeweka njia za Marekani kando ya zetu, na sitaficha ninakoegemea.

Mlangoni

Tuanze na hatua ambayo kamera hazifiki. Wananchi wanangoja siku ya mkutano mkuu, lakini mara nyingi kazi kubwa imekwisha kabla mjumbe wa Kigoma hajashuka kwenye basi.

Kwa utaratibu ambao CCM ilitumia mwaka 2015, mwanachama anachukua fomu, anazunguka mikoani kutafuta wadhamini, anairudisha fomu Dodoma. Kamati Kuu inapitia majina na kubakiza matano. Halmashauri Kuu ya Taifa inapiga kura na kubakiza matatu. Mkutano mkuu unachagua mmoja. Mwaka ule fomu zilichukuliwa na watu 42, zikarudishwa na 38. Kamati Kuu ikapitisha Bernard Membe, John Magufuli, Asha-Rose Migiro, January Makamba na Amina Salum Ali. Edward Lowassa, waziri mkuu wa zamani ambaye safari zake za kutafuta wadhamini zilikuwa zimejaza viwanja, hakuwemo.

Wajumbe watatu wa Kamati Kuu yenyewe, Emmanuel Nchimbi, Sophia Simba na Adam Kimbisa, walitoka hadharani kujitenga na uamuzi ule. Halmashauri Kuu ilipokutana, sehemu ya wajumbe waliimba kwamba wana imani na Lowassa. Wimbo hauna kifungu kwenye kanuni. Mkutano mkuu ukampa Magufuli kura 2,104, Amina 253 na Migiro 59. Kabla Julai haijaisha Lowassa alikuwa CHADEMA, na Oktoba akabeba bendera ya UKAWA, muungano wa vyama vya upinzani, na kupata karibu asilimia 40. Magufuli alishinda kwa asilimia 58. Miaka kumi nyuma Kikwete alikuwa amepata 80.

Najua hoja ya upande wa pili, na ina uzito. Majina 38 hayawezi kuwekwa kwenye karatasi moja. Chama kina haki ya kumzuia mtu ambaye maadili yake yanatiliwa shaka, na mgombea mwenye fedha nyingi anaweza kuununua umati. Sina ugomvi na kuwepo kwa mchujo. Ninachohoji ni kupima sifa na kuchagua mshindi ndani ya chumba kimoja, siku moja, na watu wale wale, bila sababu kuandikwa popote. Aliyekatwa hivyo hawezi kuwaambia wapambe wake kwamba alishindwa. Atawaambia alionewa, nao watamwamini, kwa sababu hakuna hesabu ya kuwaonyesha.

Marekani ya karne ya 19 haikuwa na kamati ya taifa ya kukata majina. Ujumbe wa jimbo ulisimama ukumbini na kumtaja mtu wake, na akiwa na kura 10 kati ya mia kadhaa, kura zake 10 zilisomwa. Huo ndio mlango ninaouita wa Chicago. Lakini usidhani ulikuwa wazi kama uwanja. Kizingiti chao kilikuwa kwenye kamati ya kukagua hati za wajumbe, ile inayoamua nani ni mjumbe halali na nani arudi nyumbani.

Juni 1912, katika jiji lile lile la Chicago, chama cha Republican kilikuwa na rais aliyeko madarakani, William Howard Taft, na rais mstaafu anayetaka kurudi, Theodore Roosevelt. Roosevelt alikuwa ameshinda majimbo mengi kati ya machache yaliyoruhusu wanachama wapige kura za awali. Viti 254 vya wajumbe vilikuwa na mgogoro. Kamati iliyoshikwa na watu wa Taft ikampa Taft viti 235. Roosevelt na watu wake wakatoka, wakaunda chama chao, na Novemba kura za majimbo, zile zinazoamua urais, zikawa hivi: Woodrow Wilson wa Democratic 435, Roosevelt 88, Taft 8. Rais aliyeko madarakani, kura nane.

Ukiweka 1912 kando ya 2015 utaona kosa ni moja ingawa vyumba ni tofauti. Wa Marekani walikata wapiga kura, wa Dodoma walikata mpigiwa kura. CCM ilinusurika kwa sababu ilikuwa na mizizi vijijini na Magufuli alifanya kampeni kubwa, Republican hawakunusurika. Chama chako kama ni kidogo, jiulize kina mizizi ya nani.

Kura ngapi zinatosha

Hapa Wamarekani waliteseka kwa miaka mia moja, na mateso yao ni shule ya bure kwetu.

Kuanzia 1832 chama cha Democratic kilidai mgombea apate theluthi mbili ya kura za wajumbe. Nia ilisikika vizuri: mgombea akubalike na wengi sana. Kilichotokea ni kwamba theluthi moja ikawa na turufu juu ya kila mtu. Mwaka 1844 Martin Van Buren alikuwa na zaidi ya nusu tangu raundi ya kwanza, na raundi ya tisa ikampata James Polk, ambaye mwanzoni hakuwa kwenye hesabu za watu. Mwaka 1912 Champ Clark alivuka nusu katika raundi ya kumi, akakwama, na Wilson akachukua raundi ya 46.

Kisha 1924, Madison Square Garden, New York. William McAdoo alikuwa na Kusini, Magharibi na wanaotaka pombe iendelee kupigwa marufuku. Al Smith, gavana wa New York, Mkatoliki, alikuwa na miji ya Mashariki. Kundi la kibaguzi la Ku Klux Klan lilikuwa na nguvu ndani ya chama, na azimio la kulilaani kwa jina lilianguka kwa tofauti isiyojaza kiganja. Kati ya kura 1,098 zilihitajika 732. Smith hakuwa na njia ya kufika huko, lakini alikuwa na za kutosha kumzuia McAdoo. Redio zilikuwa zimeanza kuingia majumbani, na taifa likasikia raundi baada ya raundi gavana wa Alabama, jimbo la kwanza kwenye orodha, akitangaza kura 24 kwa Oscar Underwood. Raundi 103. Zaidi ya wiki mbili. Wajumbe waliishiwa fedha za hoteli. Aliyepatikana mwishoni, John W. Davis, hakuwa chaguo la kwanza la kambi yoyote kubwa, na Novemba alipata chini ya asilimia 30.

Angalia tofauti na Dodoma 1995. Kule Dodoma hakuna aliyepata zaidi ya nusu, basi wa tatu akatolewa na wawili wakarudi ulingoni. Kura za Msuya zikagawanyika: ukilinganisha raundi mbili, Mkapa aliongeza 227 na Kikwete 105. Kazi ikaisha kwa raundi mbili. Kanuni ya Wamarekani haikumtoa mtu. Wa mwisho angeweza kung'ang'ania mpaka kiama, akiwa na kura 24 na hamu ya kuuza.

Na kuuza kulikuwepo; wengine wataita mazungumzo. Chicago 1932 Franklin Roosevelt alikuwa na 666 na ushee raundi ya kwanza, akihitaji takriban 770. Raundi tatu zilipita. John Nance Garner, spika wa bunge, akawaachia wajumbe wake wa Texas na California, naye akawa mgombea mwenza. Aliyepanda jukwaani kutangaza kwamba California inahama ni McAdoo yule yule wa 1924, na aliyekuwa anazibiwa njia safari hii ni Smith. Miaka minane McAdoo alikuwa ameingoja siku hiyo. Mwaka 1936 Democratic wakaifuta theluthi mbili, na hakuna chama kikubwa cha Marekani kilichoirudisha.

Kwa hiyo kwenye swali hili sina kigugumizi: zaidi ya nusu, na anayeshika mkia anatoka. Usikubali mtu akuambie theluthi mbili inaleta umoja. Wala usikubali aliyeongoza atangazwe tu bila kufika nusu. Ghana, Desemba 2007, chama cha NPP kilikuwa na wagombea 17. Nana Akufo-Addo akapata karibu asilimia 48, na wa pili, Alan Kyerematen, akakubali yaishe bila raundi ya pili. Ule ulikuwa ungwana wa mtu mmoja. Kanuni hazitungwi kwa kutegemea ungwana.

Mjumbe ni wa nani

Marekani kura ya ukumbini inapigwa kwa sauti, jimbo moja baada ya jingine, na kiongozi wa ujumbe ndiye anayetangaza. Zamani majimbo kadhaa yalifuata kanuni ya kauli moja: wengi wakiamua, kura zote za jimbo zinakwenda kwa mtu mmoja, na mjumbe aliyekataa anamezwa. Chicago 1880 wapambe wa Ulysses Grant walitaka kanuni hiyo itumike kwa nguvu, maana ingemletea Grant kura za majimbo makubwa zikiwa zimefungwa furushi. Mwenyekiti wa kamati ya kanuni aliyeipinga aliitwa James Garfield. Ikaanguka. Grant akaongoza raundi baada ya raundi akiwa na kura mia tatu na kidogo, akihitaji 379, bila kupanda. Raundi ya 36 wajumbe wakamwangukia mtu ambaye hakuwa amekuja kugombea: Garfield mwenyewe.

Kwetu karatasi ni ya siri. Nimesikia watu wakisema uwazi wa Wamarekani ni bora kwa sababu mjumbe anawajibika kwa waliomtuma. Kwao huenda. Kwetu, ambako mwenyekiti wa mkoa, mkuu wa wilaya na mfadhili wanaweza kuwa wamekaa safu ya mbele, kura ya kunyoosha mkono si kura. Siri inamlinda mjumbe dhidi ya mwenye cheo, na hata dhidi ya mwenye bahasha, kwa sababu mnunuzi hawezi kuhakikisha alichonunua. Simu za mkononi zimeliharibu hilo: mtu anapiga picha karatasi yake na kwenda kudai chake. Simu zibaki nje ya chumba cha kupigia kura, bila msamaha kwa mtu yeyote.

Kinachoweza kuwa cha wazi ni matokeo. Masanduku yahesabiwe mbele ya mawakala wa kila mgombea, na hesabu isomwe kwa tarakimu kamili, hata ya aliyepata 59.

Kasarani mara mbili

Mfano wa Nairobi ni mfupi na unajieleza. Tarehe 14 Oktoba 2002, Kasarani, wajumbe wa KANU walimpitisha Uhuru Kenyatta kwa shangwe bila kura ya ushindani, baada ya Rais Moi kumtaja kama mrithi wake. Siku hiyo hiyo, Uhuru Park, waliokuwa wametaka wapewe nafasi ya kushindana walikuwa na umati wao, na Raila Odinga akasema Kibaki tosha, yaani Mwai Kibaki anatosha kuwa mgombea wao. Desemba Kibaki alipata asilimia 62 na Uhuru 31. KANU ikatoka Ikulu baada ya miaka karibu 40.

Tarehe 1 Septemba 2007, Kasarani tena, ODM ilipiga kura: Raila 2,656, Musalia Mudavadi 391, William Ruto 368. Tofauti ilikuwa kubwa mno kuweza kubishaniwa. Mudavadi akawa mgombea mwenza, Ruto akapiga kampeni Bonde la Ufa kama vile jina kwenye karatasi ni lake. Kweli, Kalonzo Musyoka alikuwa ameshaondoka na tawi lake kabla ya siku hiyo, kwa hiyo sisemi kura inazuia kila mtengano. Ila waliohesabiwa Kasarani walikwenda na Raila mpaka Desemba.

Kuwaachia wanachama wote

Kuna wanaosema ukumbi wenyewe ni tatizo, kila mwanachama apige kura. Marekani ilifika huko kwa uchungu. Mwaka 1968 Hubert Humphrey alipata uteuzi wa Democratic Chicago bila kushindana katika kura za awali za jimbo lolote, huku nje polisi wakipiga waandamanaji. Alishindwa na Richard Nixon. Baada ya hapo kanuni zikaandikwa upya, kura za awali zikawa ndizo zinazogawa wajumbe, na mkutano ukawa mahali pa kuthibitisha. Mara ya mwisho chama kikubwa kuhitaji zaidi ya raundi moja kupata mgombea urais ni 1952, Adlai Stevenson, raundi ya tatu. Kansas City 1976 walikaribia: Gerald Ford 1,187, Ronald Reagan 1,070, zikihitajika 1,130. Joe Biden alipojitoa tarehe 21 Julai 2024 wengi walitaraji ukumbi wa ushindani utafufuka, lakini wajumbe walijipanga nyuma ya Kamala Harris kwa siku chache na kura ikapigwa kwa mtandao kabla ya mkutano wenyewe.

Naipenda njia hii moyoni na naiogopa mkononi. Inahitaji daftari la wanachama ambalo hata mpinzani wako ndani ya chama analiamini. Kenya, Aprili 2017, chama cha Jubilee kililazimika kuahirisha kura za mchujo katika kaunti kadhaa kwa sababu karatasi hazikutosha, na hicho kilikuwa chama kinachotawala. Chama ambacho matawi yake yanaandika wanachama kwenye daftari la shule hakina uwezo huo leo. Njia ya kati ni ya Ghana: baada ya 2007 NPP ilitanua wapiga kura wake kutoka elfu mbili na kitu hadi zaidi ya laki moja, viongozi wa mashina mpaka taifa. Kununua watu elfu mbili ni bajeti ya mfanyabiashara mmoja. Laki moja ni kazi nyingine.

Ningeandika nini

Chama chenye daftari safi kifuate Ghana. Kisicho nalo kibaki na ukumbi, lakini kiunganishe pande mbili: mlango wa Chicago na hesabu ya Dodoma. Mwenye sahihi za idadi fulani ya wajumbe kutoka idadi fulani ya mikoa, pande zote za nchi, jina lake linafika mkutano mkuu. Sahihi zenyewe ndizo zitakazopunguza 38 kuwa wanne au watano, kwa sababu mjumbe mmoja anasaini mara moja. Kamati ya maadili inaweza kumzuia mtu kwa sababu zilizotajwa kwenye katiba tu, inaziandika, na aliyezuiwa anakata rufaa Halmashauri Kuu kwa kura ya siri. Orodha ya wajumbe inafungwa miezi kabla ya fomu kutolewa, ili asiwepo Taft wa kuchagua wapiga kura wake. Ukumbini: zaidi ya nusu, wa mwisho anatoka, raundi zote siku moja.

Kupitisha jina moja kwa azimio, kama mkutano mkuu wa CCM ulivyofanya Dodoma Januari 2025 kwa Rais Samia Suluhu Hassan, miezi kabla ya ratiba iliyozoeleka ya kuchukua fomu, kuna faida zake: hakuna makundi ya kuvunja baadaye, hakuna fedha ya kampeni ya ndani, na rais aliyeko madarakani anabaki kazini. Mimi bado ningependa hata jina moja lipigiwe kura ya ndiyo au hapana, kwa karatasi, sandukuni. Rais anayekubalika hapotezi kitu kwa kuhesabiwa, na chama kinapata namba ya kulinganisha siku nyingine.

Wenzako kwenye kamati huenda wakakataa kuachia mchujo wa vikao vya juu. Wengi wao ndio wanaokaa vikao hivyo. Usitoke mikono mitupu. Omba kifungu kimoja: kila jina lililowasilishwa Kamati Kuu lipigiwe kura ya siri, na kura ya kila jina isomwe kwa wahusika wote wakiwa chumba kimoja, jioni hiyo hiyo, kabla hawajapanda magari.